Chapati 80, watu 53: kisa cha wikendi moja ya Jamhuri

Kisa ni cha nani

Kisa hiki ni cha kwetu, cha familia kukutana kula Jamhuri na nani huishia jikoni, sikusimuliwa na mtu. Wahusika wamenipa ruhusa nikiandike kwa sharti moja, nisiache alama ya kufanya jirani asome aseme "aah, hawa nawajua", kwa hivyo majina hakuna, mtaa sitaji zaidi ya kusema ni Eastlands ya Nairobi, na mwaka pia nimeuacha. Pesa na saa ni zile zile zilizo kwa kitabu, maana mweka hazina nilikuwa mimi na hicho kitabu bado ninacho, kina doa la mafuta ya mbuzi ukurasa wa pili.

Familia yenyewe iko hivi. Mama ni mjane, ana miaka sabini na kitu, na nyumba ni yake, iko ndani ya korti yenye nyumba kama kumi na geti moja, zile za kizamani zenye kiuwanja kidogo mbele. Watoto tuko watano: mimi, kaka watatu ambao wote wameoa, na sista mmoja ambaye ako Marekani miaka mingi. Wake wa kaka zangu nitawaita Wifi Mkubwa, Wifi wa Kati na Wifi Mdogo. Najua Nairobi sisi huita kila mtu shemeji na maisha yanaendelea, lakini hapa neno wifi linanisaidia, kwa sababu kisa kizima kinawahusu hao watatu na mimi ambaye si mmoja wao.

Kila 12 Disemba watu hukutana kwa Mama. Yeye alikuwa msichana mdogo bendera ya Mwingereza ikishushwa 1963, na mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, nchi ikawa jamhuri, kwa hivyo kwake siku hiyo si ya kulala na kuangalia gwaride kwa TV peke yake. Halafu Disemba ndiyo jua letu. Juni mpaka Agosti Nairobi ni majaketi na mawingu, Oktoba mpaka mapema Disemba unacheza na mvua ya vuli, lakini Disemba ikianza kuiva watoto wamefunga shule, watu wa majuu wameanza kushuka, na kama Jamhuri imeangukia Ijumaa una siku tatu mfululizo. Mwaka wa kisa hiki iliangukia Ijumaa.

Mwaka wa kabla yake, na zile saa 41

Ili uelewe tulichoamua lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka wa kabla tulikula vizuri sana. Picha zipo, kila mtu ako na mfupa mkononi anacheka. Ukiziangalia hizo picha vizuri lakini utaona Wifi Mkubwa hayuko hata kwa moja, Wifi wa Kati ako kwa moja na amegeuka, unaona tu mgongo na leso kiunoni, na Wifi Mdogo ako kwa mbili kwa sababu alikuwa amebeba sinia.

Mimi hilo sikuliona. Niliambiwa Pasaka iliyofuata, tukipanga mambo ya chakula tena, Wifi Mkubwa akasema kwa upole kabisa, "Anti, Jamhuri hii inayokuja mimi nitakuja kama mgeni. Nitavaa nguo nzuri, nitakuja saa saba, nitakula, nitashukuru, nitaenda." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku chache baadaye nikamtembelea, tukaketi kwa meza yake na kalamu, nikamwambia aniambie siku ile alifanya nini na nini, na wenzake pia. Tukaandika. Kuosha matumbo na kuunguza kichwa na miguu ya mbuzi, saa 4. Hii kama hujawahi kuifanya usiseme ni kidogo: unageuza utumbo ndani nje, unaosha, unarudia, maji yanabadilika rangi mara ya kwanza mpaka ya sita, na ile harufu unalala nayo kwa kucha siku mbili. Chapati, watu wawili saa tano tano, kwa hivyo 10. Pilau 3. Kukatakata nyanya, vitunguu, dhania na mboga zingine 5. Supu 2. Kupakua na kuzunguka na chakula 6. Vyombo 7. Kufagia, kupanga viti, kupangua viti 4. Jumla saa 41, na bajeti ya mwaka huo ninayo, ilipita elfu arobaini na tano, ina mstari wa soda, mstari wa barafu, hata mstari wa baluni, lakini wa hizo saa 41 hakuna.

Hapo ndipo kisa kinaanzia kwangu. Chakula chenyewe hakikuwa na shida yoyote.

Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kazi ilipwe. Tukatafuta jamaa wa choma, 3,500 kwa siku, anakuja na wavu na kisu chake. Chapati tukaagiza kwa mama mmoja anayepika pale steji, 20 bob moja, chapati 80 ni 1,600. Nilipoona hiyo hesabu nilinyamaza kidogo, kwa sababu watu wawili walikuwa wamesukuma chapati saa tano tano kuokoa 1,600 ambayo ndani yake tayari kuna unga na mafuta. Vyombo tukampa mama fua wa mtaani, 1,500, kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili na nusu, giza likianza.

Mama alikataa. Hakukataa kwa hasira, alikataa kwa ile sauti yake ya chini. "Mgeni wangu apikiwe na mtu wa kulipwa, na mimi nina wasichana watatu?" Ni bro mkubwa alienda kuongea naye, na sijui walisema nini kwa muda wote huo, lakini walitoka na makubaliano: pilau ni ya Mama, hakuna mtu wa nje atagusa hiyo sufuria. Tukakubali. Sitaki kujifanya tulikubali kwa hekima, tulikubali kwa sababu hiyo pilau ni tamu.

Uamuzi wa pili ulitoka kwa sista wa Marekani. Huko kwao jua linakuja wakati sisi tunatetemeka, msimu wa watu kukutana unafunguliwa na wikendi ya Memorial Day, ile Jumatatu ya mwisho ya Mei, unafungwa na Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, katikati kuna 4 Julai, na anasema hizo wikendi watu hukutana nyuma ya nyumba ya mtu, mwenyeji anachoma nyama, na kila anayekuja anakuja na sahani yake. Akasema tujaribu. Kila nyumba ichague kitu kimoja, ilete kimeiva. Nikaweka kwa grupu ya WhatsApp, vidole gumba vikajaa, mtu wa kwanza akaandika "mimi soda".

Uamuzi wa tatu: tukutane Jumamosi, si Ijumaa yenyewe. Ijumaa mtu apumzike, achukue mbuzi, atoke kazini kama ni wa zamu. Jumapili kanisa.

Uamuzi wa nne ulikuwa wangu na niliupenda sana: kaka watatu na marafiki wao wawili waandikwe zamu ya vyombo vya jioni, mama fua akishaenda. Nikaandika majina na saa, nikabandika kwa mlango wa friji.

Mchango ulikuwa 2,500 kila mtu mzima anayefanya kazi, watu 18, yaani 45,000. Kufika Ijumaa jioni walikuwa wametuma 13. Sista akaongeza 15,000. Nikawa na 47,500 kwa M-Pesa, na matumizi yaliyopangwa yalikuwa 46,300. Ona hapo: akiba yangu ya dharura ilikuwa 1,200.

Venye siku zenyewe zilienda

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri bro wa kati na jamaa wa choma walienda Kiamaiko, pale soko la mbuzi, wakachukua wawili 23,000, wakachinjiwa huko huko. Nyama tukailaza kwa friji ya muuza nyama mmoja tunayemjua, tukamlipa. Hii ilikuwa akili ya jamaa wa choma, si yetu. Alisema mbuzi akichinjwa, baada ya saa chache nyama inakaza, ukiichoma hapo unatafuna kama ukanda wa viatu, bora ilale usiku mmoja kwa baridi ilegee. Ni kweli, na ile nyama ilikuwa laini kuliko ya miaka yote.

Usiku wa Ijumaa mvua ikanyesha. Gunia la makaa lilikuwa nje.

Jumamosi jamaa wa choma alifaa kufika saa mbili, akafika saa tatu na nusu, makaa yanatoa moshi tu na mvuke, mtu anapepea na kifuniko cha ndoo mpaka mkono unakufa. Jirani akatuokoa na debe mbili kavu. Kufika saa sita moto ulikuwa umeshika vizuri, mbavu juu, miguu pembeni kwa joto la polepole, na mimi nikaanza kujiona mtu wa maana.

Saa nane kamili Wifi Mkubwa akaingia getini. Gauni ya kitenge, viatu vya kisigino, mkoba mdogo wa kushika tu mkononi. Alikuwa amesema saa saba lakini ni Nairobi. Akasalimia Mama kwa mikono miwili, akavuta kiti chini ya tenti, akaketi. Mtoto wa bro mdogo akamletea sahani. Niliangalia hicho kitendo chote kutoka mlangoni na nusura nipige makofi.

Wakati huo watu waliothibitisha walikuwa 38, 11 kati yao watoto. Nilihesabu waliokuwa ndani ya korti, nikapata 44, halafu gari ingine ikaingia. Mtu hasemi anakuja na nani. Anaandika "niko ndani" halafu anakuja na beshte yake, na beshte amekuja na dem wake, na dem ana watoto wa dada yake kwa sababu shule zimefungwa. Tulifika 53.

Sasa, kitu cha ajabu ni kwamba nyama ilitosha. Mbuzi wawili wa kama kilo thelathini kila mmoja wakiwa hai walitupa kilo 28 za nyama na mifupa, mbali na matumbo na kichwa. Ukiweka nusu kilo mbichi kwa mtu mzima na robo kwa mtoto, 53 wetu walihitaji kama kilo 23. Kila mtu huogopa nyama kuisha ndiyo maana huwa haiishi. Kilichoisha ni chapati. Themanini nilizipiga hesabu ya mbili mbili kwa watu 38. Pilau ya Mama ilikuwa imemalizwa na watoto kabla hata ya saa nane na nusu. Mukimo, yaani viazi vya kupondwa na mahindi na mboga, ambayo binamu mmoja alikuwa amechukua kama sahani yake, ilikuwa kwa jam kwenye Thika Road.

Saa tisa na dakika kumi Mama akatokea mlangoni. Hakumwita mtu yeyote kwa jina. Alisema tu, hewani, "Hebu mtu aweke maji ya ugali."

Wifi wa Kati akasimama. Wifi Mdogo akasimama. Na Wifi Mkubwa, na hiyo gauni yake, akaweka sahani chini ya kiti, akavua viatu, akasimama. Hakuna aliyewaambia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango kuliko wote watatu na sikusimama, nilikuwa nahesabu pesa kwa simu nione kama unga tutatoa wapi. Kaka zangu walikuwa pale kwa choma wanabishana kuhusu mpira.

Walikaa jikoni mpaka karibu saa kumi na moja kasorobo. Sufuria mbili za ugali, sukuma, na kachumbari ingine.

Nikirudi kwa kachumbari. Jamaa wa choma alikuja na wavu na kisu lakini ubao wa kukatia ulikuwa mmoja, wa kwetu, na ndio ulitumika kukata maini mabichi asubuhi, ukapanguswa na kitambaa, kijana mmoja akaukatia nyanya na vitunguu vya kachumbari ya kwanza. Mimi nilipita hapo. Niliona. Nikafikiria "nitawaambia waoshe", halafu mtu akaniita getini kulipa viti.

Mukimo ilifika saa kumi na moja na dakika ishirini, moto bado, watu wameshiba. Sahani zingine zilizoletwa na wageni: kreti tano za soda, kachumbari tatu (tatu!), keki moja, na mfuko wa ndizi za kuiva ambao mpaka leo hakuna mtu amekubali ni wake.

Mama fua alimaliza zamu yake kwa saa, akaondoka na 1,500 yake na nyama kwa kopo. Zamu ya wanaume ikaanza. Bro mkubwa na bro mdogo walikuja, lazima niseme, na waliosha vizuri. Bro wa kati alikuja akaosha vikombe. Beshte wa kwanza alipokea simu akatembea nayo mpaka getini, simu ya dakika hamsini. Beshte wa pili aliangalia ile karatasi kwa friji, akasema jina lake limeandikwa vibaya. Ile sehemu iliyobaki, unajua ni nani walimaliza.

Matokeo

Pesa kwanza. Matumizi yalifika 48,700 baada ya unga, mboga na makaa ya ziada ya 2,400. Nusu ya hiyo ziada ilitoka kwa mfuko wangu mpaka wawili waliochelewa walipotuma mchango wao wiki iliyofuata, tukabaki na 3,800. Watatu hawajatuma mpaka leo na wote watatu walikula. Kazi ya kulipwa, ukihesabu na chapati, ilikuwa 6,600, yaani kama shilingi 13 na nusu kwa kila mia tuliyotumia.

Saa za wifi zetu zilishuka kutoka 41 hadi 17. Kati ya hizo 17, tano ni za ule ugali peke yake.

Jumapili asubuhi watu wanne walikuwa na tumbo la kuendesha, mmoja mtoto wa miaka minne. Mtoto alipelekwa kliniki jioni, akapewa ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, ambayo ndiyo dawa ya kawaida ya mtoto anayehara, akawa sawa kufikia Jumatano. Siwezi kuapa ni ule ubao, lakini wanne wote walikula kachumbari ya kwanza, na sitatafuta sababu ingine ya kujiliwaza.

Wifi Mkubwa aliketi kutoka saa nane mpaka saa tisa na dakika kumi. Ndiye alinitajia hiyo hesabu, si mimi. Ako kwa picha nne.

Nini kilifanya kazi, nini kilikufa

Kulipa kazi kulifanya kazi, hilo sibishani tena na mtu. Na kabla ya pesa kulikuwa na kuandika. Kama ningeenda kwa kaka zangu na maneno ya "wake zenu wanachoka" wangeniambia wanawake wote huchoka. Nilienda na saa 41 kwa karatasi, na mtu akiona chapati za 1,600 zikilinganishwa na saa 10 za mke wake ananyamaza mwenyewe. Kama unataka kujaribu kwenu, usianze na bajeti ya mwaka huu, anza na saa za mwaka jana, na uulize waliokuwa jikoni, usikisie, kwa sababu mimi ningekisia ningesema kumi na tano.

Lakini nilichokosa ni kikubwa. Sisi tulilipa kazi tuliyoipanga. Kazi ambayo haikupangwa ilirudi kwa wale wale, na ilirudi bila kuitwa. Watu wa kulipwa wana mwanzo na mwisho, chapati 80 ni 80, mama fua anaenda saa kumi na mbili na nusu, kwa hivyo chochote kinachomwagika juu ya hapo kinatafuta mahali pa kuangukia, na kwa nyumba yetu kilishajua njia miaka ishirini. Mama alisema "mtu". Neno hilo kwa Kiswahili halina mwanamke wala mwanamume, na bado waliosimama walikuwa watatu wale wale. Dawa yake sidhani ni kuajiri mtu wa nne. Ni dharura kuwa na jina. Kabla wageni hawajafika, ijulikane chakula kikipungua ni nani anasimama, na huyo mtu awe si mmoja wa wale ambao wangesimama tu hata bila kuambiwa. Na dharura iwe na pesa: 1,200 kwa bajeti ya 46,300 ilikuwa mzaha, ningeweka angalau 5,000 na kuagiza chapati 120. Arobaini za ziada ni 800. Zikibaki, watu wa Nairobi wanakula chapati na chai Jumapili bila kulalamika.

Hesabu ya watu pia nimebadilisha. Siulizi tena "unakuja?" Nauliza "mko wangapi kwa gari?" Ni swali dogo lakini mtu hulijibu ukweli, sijui kwa nini.

Ile ya kila mtu alete sahani, nafikiri kwa wenzetu inafanya kazi kwa sababu wamekua nayo, mtu anajua kuja mikono mitupu ni aibu na kuja na kitu ambacho kila mtu ameleta ni uvivu. Kwetu mgeni kuja na chakula kilichoiva ni kama kumwambia mwenyeji hatapika vizuri, ndiyo maana wote walikimbilia soda, soda haimtukani mtu. Na umbali hatukuufikiria. Sahani ya kutoka upande wa pili wa mji Jumamosi ya sikukuu si chakula cha mchana, ni chakula cha jioni. Tukirudia, vitu vya wanga vyote vitatoka ndani ya mtaa, na wa mbali walete matunda, barafu, vitu ambavyo vikichelewa hakuna mtu analala njaa.

Ubao ni kosa langu na ni la bei rahisi kuliko yote. Mbao mbili, moja ya mbichi, moja ya vitu vinavyoliwa hivyo hivyo bila moto. Ile ya plastiki pale sokoni haifiki hata bei ya kilo moja ya mbuzi. Na kitu kingine, nyama iliyoiva ilikaa kwa sinia chini ya tenti kutoka saa saba na nusu mpaka saa kumi na moja, mtu anapita anachukua kipande. Ushauri wa usalama wa chakula ni isipite saa mbili nje bila kuwekwa kwa moto au kwa baridi. Kwa choma hiyo si ngumu, unachoma kwa awamu, wimbi la kwanza saa saba, la pili saa tisa, jamaa wa choma alikuwa tayari kabisa, ni sisi tulimharakisha amalize kila kitu mara moja ili picha ya sinia ikae vizuri.

Zamu ya vyombo ilifaulu nusu, na nusu hiyo ni damu yetu. Marafiki wa kaka zangu sikuwa na uwezo wa kuwaandika kwa friji ya Mama, hawakuulizwa, waliona tu jina. Ningewaelewa kama wangesema hapana, simu ya dakika hamsini ndiyo siielewi.

Na Mama? Kuna mtu kwa familia alisema kosa lote ni la Mama, angenyamaza. Mimi sikubali. Mama aliona wageni wake wamekaa na nyama bila kitu cha kushikia, akafanya alichofundishwa. Pilau tuliyomwachia ilikuwa njia yake ya kubaki mwenye nyumba siku watu wa kulipwa wamejaa kwa uwanja wake, na hiyo naona ndiyo sababu hakugombana na jamaa wa choma siku nzima, hata alimpelekea chai.

Pasaka

Mipango ya Pasaka imeanza. Kwa karatasi mpya kuna mstari unaosema "ugali wa dharura", na jina lililo mbele yake ni la bro mkubwa, kalamu yake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Wifi Mkubwa anasema bro amekuwa akifanya mazoezi ya ugali Jumapili jioni kwao. Wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa na madonge mtoto akauliza kama ndani kuna viazi. Wa tatu walikula, na nikamuuliza Wifi ulikuwa aje, akasema ulikuwa mgumu kidogo, lakini aliula akiwa ameketi.